UKIPIGWA UKAUMIA, NANI ATALIPA?

Mkristo akipigwa na jirani yake hata akavunjwa mkono, je, yampasa kunyamaza na kumwachia Mungu, au aweza kwenda mahakamani kudai alipwe hasara yake? Swali hili laulizwa sana katika jumuiya zetu, na mara nyingi wanaolijibu ni wale ambao mikono yao i mizima. Husema kwamba Bwana wetu alituamuru tugeuze shavu la pili. Basi yule aliyeumizwa huona haya, hukaa kimya, na watoto wake hushinda na njaa msimu mzima kwa sababu baba hawezi kushika jembe.

Tuanze na shavu hilo, maana tusipolimaliza neno hili, mengine yote hayatasikika. Ni kweli kwamba Bwana wetu alikataza kisasi. Lakini yeye mwenyewe alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya Kuhani Mkuu hakunyamaza. Alimtaka yule aliyempiga aseme sababu ya kumpiga (Yohane 18). Mtume Paulo naye alipigwa fimbo kule Filipi bila kuhukumiwa, akatiwa gerezani. Kesho yake walipotaka kumwachilia kimyakimya alikataa. Alitaka wakubwa wenyewe waje wamtoe, maana yeye alikuwa raia wa Roma (Matendo 16). Hakutafuta kumpiga mtu. Alitaka haki ijulikane. Paulo huyo huyo aliwakaripia Wakorintho kwa kushitakiana mbele ya mahakimu wasioamini, na neno hilo nalo tulishike: kwanza tujaribu kupatana. Ila kupatana ni jambo moja, na kumziba mdomo aliyeumia ni jambo lingine kabisa.

Tena katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Sheria ya Musa yaeleza habari iliyo kama ya vijijini mwetu. Watu wawili wagombana, mmoja ampiga mwenzake kwa jiwe au kwa ngumi, naye hafi ila alala kitandani. Akija kuinuka na kutembea kwa mkongojo, yule aliyempiga hatauawa; lakini atalipa siku alizozipoteza mwenzake, na kumwuguza hata apone. Tazama mambo mawili hayo: gharama ya matibabu, na siku za kazi zilizopotea. Ndiyo hasa wanayoyapima mahakimu wetu hata leo. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 1459, yafundisha kwamba ondoleo la dhambi haliondoi uharibifu wote uliotokana na dhambi. Mkosaji hana budi kufanya awezavyo kuutengeneza, na mmoja wa mifano inayotajwa hapo ni kulipa fidia kwa ajili ya majeraha. Basi mwenye kudai fidia hadai kitu kigeni kwa dini yetu. Adai deni ambalo mwenzake angekumbushwa hata kitubioni.

FAINI SI FIDIA

Sasa tuje kwenye sheria za nchi yetu ya Tanzania. Jambo linalowapoteza watu wengi ni hili: kumpiga mtu kwazaa mashauri mawili, si moja. La kwanza ni la jinai. Hapo anayeshitaki ni Jamhuri, na wewe uliyepigwa u shahidi tu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yapanga makosa haya kwa ngazi zake: shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili, hata kujeruhi vibaya, na adhabu yapanda kwa kadiri ya jeraha. Shauri la pili ni la madai, nalo ni lako mwenyewe. Hapo wewe ndiwe mdai, na aliyekupiga ni mdaiwa, na kinachotafutwa si kifungo bali fedha ya kukurudisha, kwa kadiri iwezekanavyo, pale ulipokuwa kabla ya kupigwa.

Nimeona watu wakitoka mahakamani wamekasirika, wakisema, "Ametozwa faini, na mimi sikupewa hata senti!" Kumbe faini ni mali ya Serikali. Haikulipi wewe, ni adhabu kwa kuvunja amani ya nchi. Kama wataka fidia, sharti iombwe.

Na njia ya kwanza ya kuiomba iko ndani ya shauri lile lile la jinai. Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20, zampa hakimu uwezo wa kumwamuru mtu aliyetiwa hatiani amlipe fidia yule aliyeumia, juu ya adhabu nyingine atakayopewa. Lakini uwezo huo ni wa hiari ya hakimu. Hakimu mwenye mashauri mengi mezani, asipokumbushwa na mtu, aweza kutoa adhabu yake na kuita shauri linalofuata. Kwa hiyo mwambie mapema mwendesha mashitaka kwamba waomba fidia, umpe na karatasi za gharama zako, ili aseme kabla adhabu haijatolewa. Ukisubiri mpaka hakimu ameinuka, umechelewa. Fedha utakazopata kwa njia hii zitahesabiwa kama baadaye utafungua shauri la madai. Hutalipwa mara mbili kwa jeraha moja.

Wala mtu asidhani kwamba fidia ni upole wa hakimu fulani. Mwaka 2000 Katiba yetu ilitiwa ibara ya 107A, nayo yazitaka mahakama, zinapotoa uamuzi, zifuate kanuni kadhaa: kutenda haki bila kujali cheo cha mtu wala mali yake, kutochelewesha haki bila sababu ya msingi, na kutoa fidia ipasavyo kwa watu walioathirika kwa makosa ya wengine, kwa kufuata sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara hiyo yataka pia usuluhishi ukuzwe. Kwa hiyo yule anayesema, "Patana na ndugu yako," na yule anayesema, "Dai fidia yako," wote wawili wamo katika ibara moja.

MZEE WA MKONO ULIOPINDA

Mzee mmoja wa parokia yetu, ambaye sitamtaja jina, alifika ofisini kuandikiwa barua ya kuombea watoto wake wapunguziwe michango ya shule. Alikuwa ameushika mkono wa kuume kwa mkono wa kushoto, kama mtu abebaye mtoto. Nilipomwuliza, alisema ng'ombe wa mtu waliingia katika mahindi yake. Alipowafukuza, mwenye ng'ombe alimpiga rungu, mfupa ukavunjika, na ulipounga uliunga umepinda. Huyo aliyempiga alishitakiwa, akakiri, akatozwa faini, akaenda zake. Mzee alidhani mambo yamekwisha. Mwanawe mkubwa hakudhani hivyo. Alikuwa ameanza kunoa panga, na mama yake hakulala usiku kwa kumlinda asitoke.

Nilimwuliza mzee siku aliyopigwa. Akataja mwezi wa palizi, miaka miwili na miezi kadhaa iliyopita. Hapo nilimwambia afanye haraka. Kwa maana Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, yasema kwamba madai ya namna hii, yaani ya madhara yasiyotokana na mkataba, yafunguliwe katika miaka 3. Ikipita miaka hiyo mahakama hufunga mlango, hata mkono uwe umekatika kabisa. Wala saa hiyo haisimami kwa sababu shauri la jinai bado lasikilizwa. Wengi hungoja jinai iishe, rufani iishe, ndipo waanze. Wakifika wameachwa na gari.

Jambo lililomfaa mzee wetu ni ile hukumu ya jinai aliyoidharau. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, yasema kwamba hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufani ukiisha kupita au rufani ikiisha kuamuliwa, ni uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Basi mzee hakuwa na haja ya kuanza upya kuthibitisha kwamba alipigwa na nani. Alihitaji nakala ya hukumu, kisha kuonyesha hasara yake. Lakini mkuki huo una ncha mbili: mtu akiachiwa huru kwa hukumu ya mwisho, hukumu hiyo nayo huchukuliwa kuwa uthibitisho kwamba hakutenda. Kwa sababu hiyo ni hatari sana kudharau shauri la jinai, ati "hilo ni la polisi." Uliyepigwa usipofika kutoa ushahidi siku unapoitwa, waweza kuua dai lako mwenyewe. Shauri lililoondolewa tu kabla ya kuamuliwa halikufungi namna hiyo; hapo wabaki na nafasi yako ya kuthibitisha katika madai, ambako uzito wa ushahidi unaotakiwa ni mdogo kuliko wa jinai. Katika jinai sharti pasibaki shaka ya maana. Katika madai mahakama hupima ni upande gani wenye uzito zaidi.

KARATASI

Sasa nitakaa kidogo juu ya karatasi, na msomaji anisamehe, maana kazi ya karani ni karatasi. Lakini nasema kweli, madai mengi hayafi kwa sababu ya uwongo wa mdaiwa. Hufa kwa sababu mdai hana karatasi.

Ya kwanza ni fomu ya polisi namba 3, ile watu wote waiitayo PF3. Ukiumizwa, nenda kituo cha polisi, toa taarifa, andikwa katika kitabu, na chukua namba ya taarifa yako. Utapewa PF3 uende nayo hospitali au kituo cha afya, na daktari ataandika humo jeraha liko wapi, ni la namna gani, lilifanywa na kitu gani kwa kadiri anavyoona. Kama mtu avuja damu au amezimia, mkimbizeni kwanza kwa daktari, na ndugu mwingine akimbilie polisi kuileta fomu. Msimweke mgonjwa kivulini mkisubiri askari arudi kutoka chakula. Fomu ikijazwa, isomeni kabla hamjaondoka. Kama mkono uliovunjika ni wa kuume na imeandikwa wa kushoto, mwombeni daktari asahihishe hapo hapo, maana wakili wa upande wa pili atakuja kulifurahia kosa hilo. Fomu yenyewe hurudi polisi. Kwa hiyo toeni nakala.

Ya pili ni risiti. Hapa ndipo tunaposhindwa sana. Mahakama hugawa fidia katika mafungu mawili. Fungu moja ni hasara mahsusi, yaani fedha uliyoitoa kweli kweli mfukoni au uliyoikosa, nayo yahesabika. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu iliyomo katika taarifa za hukumu za mwaka 1992, ilisema waziwazi kwamba hasara ya namna hii sharti itajwe katika hati ya madai na kuthibitishwa. Haitoshi kusema "nilitumia fedha nyingi." Nyingi ni ngapi? Nani aliipokea? Iko wapi karatasi yake?

Tufanye hesabu ya mfano. Mkulima alikwenda hospitali ya wilaya mara 6, na kila mara nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 14,000. Hiyo ni 84,000. Picha ya eksirei, plasta na dawa, jumla 165,000. Akaweka vibarua wa kumlimia ekari 2 kwa shilingi 60,000 kila ekari. Hiyo ni 120,000. Jumla yote ni shilingi 369,000. Sasa mtu huyu akifika mahakamani na risiti za hospitali peke yake, ameweka mezani 165,000 tu. Zile 204,000 nyingine zitategemea kama aliandikiana na vibarua, kama alilipa kwa simu na ujumbe bado umo, kama mwenye pikipiki alimwandikia hata kipande cha karatasi chenye jina, tarehe na kiasi. Mtu akiumia, basi, mke au mtoto ajuaye kuandika afungue daftari siku ile ile: tarehe, kilicholipwa, kwa nani. Daftari la senti 50 za zamani lingetosha. Siku hizi bei yake imepanda, lakini bado ni nafuu kuliko kupoteza laki mbili.

Fungu la pili ni fidia ya jumla. Hii ni ya maumivu, ya usingizi uliokosekana, ya aibu ya kupigwa mbele ya wanao, ya mkono usioweza tena kuinua mtungi. Haina risiti. Hakimu huipima kwa busara yake kwa kutazama ushahidi. Na hapo yafaa sana barua ya daktari isemayo kama ulemavu ni wa kudumu au utaisha, pia mashahidi waliokujua kabla ya hapo, watakaosema, "Huyu alikuwa akilima ekari 3 mwenyewe, sasa hawezi kufunga vifungo vya shati." Pigeni picha za jeraha kwa simu likiwa bichi, tena siku kwa siku linavyoendelea. Ziwekeni zaidi ya mahali pamoja, maana simu hupotea.

MLANGO UPI?

Mtu wa kijijini akisikia "mahakama" hufikiri Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu. Kwa jinai ndogo, sawa. Lakini kwa madai, Mahakama ya Mwanzo husikiliza yale yanayojengwa juu ya mila na desturi au sheria ya Kiislamu, pamoja na madeni ya mikataba na mengine machache. Dai la fidia ya kupigwa likijengwa juu ya sheria ya kawaida ya madhara hupelekwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Hufunguliwa mahali ulipoumizwa au mahali akaapo mdaiwa, wewe ukichagua. Hati ya madai yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Kabla ya shauri kusikilizwa wenyewe mtapelekwa kwa msuluhishi wa mahakama. Msikidharau chumba hicho, maana mashauri mengi ya jirani na jirani huishia humo vizuri kuliko kizimbani.

Kama aliyekupiga alikuwa askari au mtumishi mwingine wa Serikali akiwa kazini, njia ni nyingine: yatakiwa kwanza kutoa taarifa ya siku 90 kwa Serikali, na shauri lenyewe ni la Mahakama Kuu. Hapo usiende bila mwanasheria. Na kama ni mlinzi wa duka au wa shamba aliyekupiga akifanya kazi ya mwajiri wake, uliza pia habari ya kumdai mwajiri, kwa maana mlinzi mwenyewe pengine hana kitu.

KUMALIZANA NYUMBANI

Wazee wetu walijua kutoza mbuzi au ng'ombe kwa damu iliyomwagika, na desturi hiyo ilikuwa na akili yake: ilimlisha aliyeumia na ilizuia ukoo usishike mikuki. Sheria ya sasa haikatazi kupatana. Katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya mtu na mtu, hakimu mwenyewe aruhusiwa kuwapatanisha wenye shauri kwa malipo ya fidia na kusimamisha mashitaka. Lakini kosa kubwa, kama kumkata mtu panga au kumnajisi mtoto, halizimwi kwa fedha sebuleni. Kupokea fedha ili kulificha kosa la namna hiyo ni kosa lenyewe, na mwenyekiti anayelisimamia ajitazame.

Ninalolichukia mimi ni mapatano ya haraka. Siku ya pili baada ya kupigwa, jeraha halijajulikana litakuwaje, wazee wafika na kuku wawili na elfu thelathini, wasema, "Yaishe." Mgonjwa, akiwa na homa, atia dole gumba. Mwezi mmoja baadaye vidole havikunjiki. Kama mwapatana, ngojeni daktari aseme neno lake kwanza. Kisha andikeni: nani amempiga nani, tarehe, kiasi, kitalipwa lini, na je, fedha hiyo ni ya kumaliza yote au ni ya matibabu ya sasa tu? Neno hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Mashahidi wawili wa kila upande watie sahihi, na kila upande ubaki na nakala.

MKE NA MTOTO

Wako wanaodhani kwamba haya ni ya wanaume wagombanao kilabuni. La! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Tena yampa mwanamke aliyeolewa haki ya kudai na kudaiwa sawa na mwanamume, na mume na mke waweza kudaiana madhara kama kwamba hawakuoana. Sisemi kwamba kila kofi lipelekwe wilayani. Paroko na wasimamizi wa ndoa wana kazi yao. Lakini mama aliyevunjwa taya asiambiwe kwamba hana pa kwenda kwa kuwa ameolewa. Huo ni uwongo, tena uwongo uliokwisha kuua.

Mtoto akiumizwa, mzazi au mlezi aweza kufungua shauri kwa niaba yake. Na ile miaka 3 haimwanzii mtoto mpaka atimize miaka 18. Hata hivyo msingoje, maana mashahidi huhama na karatasi huliwa na mchwa.

FEDHA YENYEWE

Tuseme umeshinda. Je, fedha itatoka wapi? Hili watu hawaliulizi mapema, nalo lingefaa kuulizwa kwanza. Mahakama yaweza kuamuru mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa, lakini sheria ya madai yazuia vitu fulani visiguswe: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na kwa mkulima, majembe yake pamoja na mifugo na mbegu ambazo mahakama yaona ni za lazima kwa maisha yake. Hata nyumba anayokaa na mkewe na watoto wake wanaomtegemea haiuzwi. Yule asiye na kitu zaidi ya hivyo hutapata kwake kitu kwa siku moja. Ndiyo maana malipo ya mafungu, yaliyokubaliwa na kuandikwa mbele ya mahakama, mara nyingi ni bora kuliko hukumu kubwa ya kutundika ukutani. Lakini aliye na ng'ombe hamsini asikudanganye kwamba ni maskini.

Na mdai asiye na ada ya kufungulia shauri? Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, yaruhusu mtu maskini aombe kibali cha kufungua shauri bila kulipa ada. Tena iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria katika kata na wilaya. Msaada wao ni bure. Ukiombwa "chai," ujue umekutana na mtu mwingine. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kama wakili, ila aweza kukueleza njia, kukusaidia kupanga karatasi na kukuelekeza kwa wakili wa msaada. Tangu mwaka 2023, ilipozinduliwa kampeni ya msaada wa kisheria iitwayo ya Mama Samia, mawakili na maafisa wamekuwa wakizunguka mikoani kuwasikiliza watu. Waulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii au ofisi ya mtendaji wa kata mahali pa kuwapata.

Mzee wetu alisaidiwa kwa njia hiyo. Hati yake iliingia ikiwa imebaki miezi michache miaka 3 itimie. Hawakufika kizimbani, katika chumba cha msuluhishi yule mwenye ng'ombe alikubali kulipa kwa mafungu manne, kila fungu baada ya mnada wa mwisho wa mwezi. Fungu la kwanza lilikwenda kwenye michango ya shule. Mwanawe ndiye anayefuata fedha kila mara, na kila mara hurudi na risiti, nami huitolea nakala na kuiweka katika faili.

Karani wa Parokia